Nataka kurudi kwa Mungu lakini nimekula pesa ya akina mama wa kanisa

Bwana asifiwe mama. Natumai uko salama huko Nakuru. Majibu yako nimekuwa nikisoma kwa muda bila kuandika, leo nimeona wacha niandike tu juu usingizi umenikataa, hapa ni saa nane usiku, mzee amelala, watoto wamelala, mimi niko jikoni na simu.

Nina miaka 36, naishi Obunga hapa Kisumu na kazi yangu ni mgongo wazi. Kwa mtu hajui, ni ile mifupa ya samaki aina ya mbuta na kichwa inabaki viwandani wakishatoa mnofu wa kupeleka ng'ambo, sisi tunanunua, tunaanika, tunakaanga tunauza. Hiyo ndio imelisha na kusomesha watoto wangu. Niliokoka nikiwa kidato cha pili, na haikuwa wokovu wa mdomo mama, nilikuwa naomba mpaka majirani wanajua saa ya maombi yangu imefika. Nikaimba kwaya, nikafundisha watoto sande skuli, miaka sita iliyopita akina mama wakanichagua kuwa mweka hazina na pesa haikuwahi kupungua hata shilingi kumi.

Shida ilianza na mama yangu mzazi. Figo. Mara mbili kwa wiki tunamtoa Seme tunamleta mjini kuoshwa damu, anarudi amechoka hata kijiko hawezi shika. Nilifunga. Nikafunga tena siku 21 nikila tu jioni. Halafu kukakuja mhubiri mgeni kwa krusedi akasema hapa kuna watu saba wana wagonjwa nyumbani, wapande mbegu ya elfu ishirini na hawatazika mtu mwaka huo. Mimi nilisimama mama. Hiyo ilikuwa pesa ya stoki na karo ya muhula, nikaituma papo hapo na nikalia kwa furaha nikijua imeisha. Wiki tano baadaye mama akaenda, asubuhi, nikiwa nimeshika mguu wake venye ulikuwa umefura.

Kuna kitu kilikatika hapo. Sikumlaani Mungu, kanisa sikuacha, niliacha tu kuongea na yeye. Kwaya naenda, mkono nainua, amen nasema, lakini ndani ni kama nyumba imehamwa. Sasa ni miezi kumi na nne.

Halafu kukaja madeni ya matanga. Unajua matanga ya kwetu, hema, chakula, gari ya kutoa mwili mochari, wageni siku nne. Watu wa mikopo ya simu wakaanza kunipigia mpaka kupigia watu wenye namba zao ziko kwa simu yangu. Pesa ya akina mama ilikuwa kwa laini yangu, nikatoa elfu tatu nikisema Ijumaa nitarudisha, sikurudisha, nikatoa ingine, nikatoa ingine, ikafika 31,000. Nimerudisha 6,000 imebaki 25,000. Kwa kitabu nimeandika kama pesa yote iko, ukiona hicho kitabu utanisifu. Na kitu kinanitisha zaidi ni kwamba wakati nachukua sikusikia vibaya. Nilikuwa nasikia tu ndani yangu, si hata mimi nilitoa?

Mwezi jana msichana wangu wa miaka tisa aliniuliza mama mbona siku hizi hatuombi usiku. Nikamwambia nimechoka. Akasema basi mimi nitaomba, akafunga macho akasema "Mungu, mama amechoka, amen." Nilitoka nje nikasimama kwa giza.

Sasa pasta ametangaza wiki ya maombi, Jumatano ni siku ya akina mama na wamenichagua mimi niongoze. Ikiisha hiyo wiki wanataka pesa itoke tununue viti. Rafiki yangu mmoja anasema niende mlima Menengai huko kwenu nifunge siku saba, mwingine anasema kuna laana inakata mambo yangu nipande mbegu ingine kubwa kuliko ile. Mimi nimefikiria tu nihamie kanisa lingine upande wa Kondele nilipe polepole bila mtu kujua. Mzee wangu hajui lolote. Mama niambie, Mungu bado ananitaka? Na mtu anarudi kumwamini aje yule alinyamaza?

Nyar Seme, Obunga


JIBU

Amen nyathina, mwanangu. Hilo neno la Kijaluo nilifunzwa na jirani yangu wa miaka mingi hapa Nakuru, na leo ndilo limekuja mdomoni nikikusoma.

Kwanza pole kwa mama. Nahisi hakuna mtu alikupa pole ya kutosha, juu mtu wa kwaya akifiwa watu humwambia wewe una imani wewe ni wa kuombea wengine, wanakula chakula cha matanga wanaenda, na yeye anabaki akipanga viti. Mtu aliyeosha mamake miguu hiyo miezi yote alifaa kuachwa alie mwaka mzima bila kuongoza maombi ya mtu yeyote.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama mahali pamoja, pale umesema "si hata mimi nilitoa?" Wewe unadhani shida yako ni 25,000. Hiyo ni shida, tutaifikia na sitaipunguza. Lakini hiyo pesa ilikuwa na mamake, na mamake ni ile elfu ishirini ya krusedi. Yule mtu alikufundisha kwamba Mungu ana duka, unalipa unapewa. Ukalipa. Hukupewa. Ukakaa na deni moyoni, deni lako kwa Mungu, unamdai, na kwa sababu hukuweza kumfikia yeye ukafikia mfuko ulio karibu naye zaidi, mfuko wa kanisa lake. Ulikuwa unajilipa. Ndio maana hukusikia vibaya, mtu akichukua chake haoni aibu.

Sisemi hivi kukutolea lawama. Wale akina mama walikuwa wanaleta hamsini hamsini na mia mia kutoka kwa mboga na omena, hawakukukosea chochote. Ni wizi na jina lake ni hilo, nalisema mapema ili lisikae kati yetu. Nasema tu kwamba ukirudisha hiyo pesa yote mpaka senti ya mwisho na bado umeshika lile daftari la kumdai Mungu, utakuwa mtu asiye na deni kanisani na bado uko mbali na yeye.

Kwa hivyo hiyo mbegu ingine usipande. Hapa nakuomba kabisa kabisa. Soma 2 Wafalme sura ya 5, Naamani yule mkubwa wa jeshi la Shamu alikuja kwa Elisha na talanta kumi za fedha na dhahabu na nguo, akaponywa ukoma wake kwa kuoga Yordani mara saba, na aliporudi kutoa zawadi Elisha akaapa hatachukua kitu. Aliyekimbia nyuma ya gari kuchukua ni Gehazi mtumishi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Hiyo sura kila mgonjwa na kila mtu mwenye mgonjwa angesomewa kabla ya kusimamishwa kwa krusedi. Na tena Paulo, ambaye mikono yake iliponya watu, anaandika 2 Timotheo 4:20 kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Alimwacha. Hasemi Trofimo alikosa imani, hasemi hakutoa. Mama yako hakufa kwa sababu mbegu ilikuwa ndogo wala kwa sababu wewe ulikula jioni badala ya kufunga kavu, na kama kuna mtu amewahi kukuambia hivyo au wewe mwenyewe umejiambia saa kama hizo za saa nane, hiyo iondoe leo.

Sasa ule ukimya. Ningeweza kukuandikia maneno mazuri hapo lakini acha nikuambie tu yangu. Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, sisi tulitoka kwetu na magodoro mawili na mtoto mgongoni, tukalala Shoo Graundi hapa Nakuru na maelfu ya watu wengine, na nyuma yetu kilichobaki kilikuwa majivu. Na waliokuja usiku ule wawili nilikuwa nawajua kwa majina, tulikuwa tunaabudu pamoja. Nilikaa karibu miaka mitatu kama wewe. Naenda kanisani, naimba, nasema Mungu ni mwema, na ndani hakuna mtu. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo mbele zake kitatoka kitu kibaya, nikaona heri ninyamaze, alafu nikasema ni yeye amenyamaza. Kuna mzee mmoja wa wale ndugu wa Uamsho, wale wa kuweka mambo nuruni, yaani kuungama wazi mbele ya wenzao, alikuja kwetu akanywa chai, akanifungulia Zaburi 88 akaniambia soma kwa sauti. Hiyo zaburi mama, haina mwisho mzuri. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Nikamuuliza hii iliingiaje kwa Biblia? Akaniambia iliingia kwa sababu aliyeisema alikuwa bado anaisema kwa Mungu. Akamaliza chai yake akaenda.

Usiku ule nilianza kuomba na kwa kweli sijui kama ungeita maombi. Nilimuuliza alikuwa wapi. Nilitaja yale majina mawili. Nililia kwa sauti mpaka mume wangu akadhani nimepata habari ya msiba. Hakuna nuru iliingia, hakuna sauti. Lakini kesho yake nilikuwa na kitu cha kumwambia tena, na kesho yake tena, na ndio hivyo nilirudi, kwa mlango wa nyuma, nikiwa na hasira. Sikuwahi kujibiwa kwa nini. Nilipata kujua tu kwamba hakuondoka nilipokuwa namkasirikia, na kwangu hiyo ilitosha kuanza kumwamini upya, polepole, kama unavyoanza kukanyagia mguu uliovunjika.

Kwa hivyo wewe anza hapo. Yale umeniandikia mimi saa nane usiku mwambie yeye, kwa Kijaluo, kwa maneno ya jikoni, na ule mguu uliofura uuseme. Usitafute sauti ya kwaya. Hata ukisema moja tu, nimekukasirikia kwa sababu ya mama, hiyo ni sala ya kweli kuliko amen zote za miezi kumi na nne.

Umeuliza kama bado anakutaka. Wewe ni mtu wa samaki na moto, kwa hivyo nitakupeleka kwa Petro. Usiku ule alipomkana Yesu mara tatu, Yohana 18 inasema alikuwa anaota moto wa makaa pamoja na watumishi. Alafu fungua Yohana 21. Petro amerudi kuvua, usiku kucha hawakupata kitu, asubuhi wanavuta nyavu na samaki 153, na wakishuka ufuoni wanakuta Yesu ameshawasha moto wa makaa na samaki wako juu yake na mkate. Moto wa makaa tena. Mimi huwa naamini hakuuwasha bure. Petro alikuwa lazima asikie harufu ya ule usiku. Lakini angalia mpangilio wake, aliwalisha kwanza, wakala, ndio akamuuliza wanipenda, mara tatu, kwa zile tatu. Hakumuuliza mbona ulinikana, na pia hakujifanya kama haikutokea. Tena hakumwambia Petro arudi kwanza Yerusalemu akajisafishe, alikuwa amemfuata mpaka kazini kwake. Na wewe huwa unasimama kwa moto kila siku, nyathina.

Sasa pesa. Hii nitasema haraka kwa sababu njia ni moja na unaijua.

Anza na mzee wako, kabla ya mtu mwingine yeyote, usiku huu au kesho. Asisikie kanisani. Atakasirika, mwache akasirike, usimjibu na habari ya madeni ya matanga kama vile yeye ndiye alikusukuma. Mwambie kiasi, mwambie tangu lini, mwambie kile kitabu kimeandikwa uongo. Alafu kabla ya hiyo Jumatano, si baada, tafuta mama mwenyekiti na mama mmoja mwingine mzima ambaye mdomo wake unaujua, uende na kitabu na simu, wafungulie taarifa za M-Pesa waone wenyewe tarehe kwa tarehe. Usianze na hadithi ya ugonjwa, anza na "nilichukua 31,000 ya akina mama, nimerudisha 6,000, na kitabu nilidanganya." Ukitanguliza ugonjwa watakuhurumia kabla hawajajua wanakuhurumia kwa nini, na hiyo pia ni kuchukua kitu kwao. Ya mama yako waambie baadaye, wakiuliza.

Mpe mwenyekiti hiyo laini au uhamishe salio mbele yake, na uache kiti cha mweka hazina wewe mwenyewe kabla hujaambiwa. Waambie pia kwamba pesa ya watu isikae tena kwa simu ya mtu mmoja, iwe wewe iwe malaika, wafungue akaunti ya sahihi tatu. Halafu sema utalipa ngapi kwa wiki, na useme kiasi unaweza hata siku samaki ni kidogo au mvua inakataza kuanika. Mia tano kila wiki ni karibu mwaka mzima. Ni mrefu, ndio, lakini mia tano inayofika ni bora kuliko elfu mbili ya kuahidi. Na viti vitachelewa kwa sababu yako, hiyo utaibeba tu.

Jumatano usiongoze. Mwambie mwenyekiti atafute mwingine, uende ukae nyuma kama mtu wa kawaida aliyekuja kuombewa. Kwaya pia pumzika kidogo, wacha wao wakuambie ni lini.

Kondele usihamie. Ukihama utaingia kanisa jipya na mgeni wenu yuleyule, hiyo siri, na kabla mwaka uishe watakuona wewe ni mwaminifu wakupe tena kitabu. Menengai je? Mimi niko karibu nayo, nimepanda mara nyingi, watu wanaingia kwa yale mapango kufunga na kuomba na wengine nimewaona wameshuka wamebadilika, siwezi kusema vibaya juu yake. Lakini Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 alisema mtu akiwa amefika madhabahuni na sadaka yake na akumbuke ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo aende apatane kwanza, kisha arudi aitoe. Wewe umekumbuka ukiwa hata nauli ya Nakuru hujalipa. Nenda kwa mwenyekiti. Mlima uko hapa, ukimaliza kulipa njoo tupande pamoja, nitakuwa nimezeeka kidogo lakini nitapanda.

Sitakudanganya kwamba watakukumbatia wote. Mmoja atakuambia maneno makali na mwingine atapeleka hadithi mpaka Kibuye sokoni, na kuna wateja wataacha kununua kwako kwa muda. Inaweza pia kuwa watasema mambo ya chifu, na wakisema wana haki, usikimbie. Ila kumbuka Zakayo. Aliposema atarudisha mara nne, Yesu alisema "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Leo. Zakayo alikuwa bado hajahesabu hata shilingi moja, mkoba uko ndani. Kwa hivyo usingoje wiki ya hamsini ndio ujisikie umerudi. Siku ile utatoka kwa nyumba ya mwenyekiti na mkono mtupu umeacha kitabu kwake, siku hiyo unaweza kutembea na Yesu mpaka Obunga.

Na msichana wako. Usimwambie habari ya pesa, ni mdogo sana kubeba hiyo. Lakini usiku wa leo akitandika kitanda kaa karibu naye umwambie alikuwa sawa, mama alikuwa amechoka, na umwombe aombe tena yeye, alafu wewe umalizie na maneno mawili tu. Kama sauti itakataa mshike mkono tu useme amen.

Niandikie baada ya hiyo Jumatano, hata kama imeenda vibaya, hasa kama imeenda vibaya. Na jina la mama yako hukuniambia. Niandikie na hilo pia. Mimi huamka saa kumi na moja, najua na wewe saa hiyo umeshaamka unatafuta samaki, nitakuwa nakutaja hapo.